Somo la Redio: Kufaulu Mtihani wa Uhasibu Siyo Kupata Leseni

Fungueni ukurasa huu mfuate maneno ninapoyasoma.

Katika somo lililopita tulijifunza kusoma hesabu za chama cha ushirika: fedha zilizoingia, fedha zilizotoka, na baki. Baada ya somo lile, mzee mmoja aliuliza hivi: "Mwanangu amefaulu mtihani wa mwisho wa uhasibu. Je, sasa aweza kukagua vitabu vya chama chetu cha maziwa?"

Mzee wangu, hongera kwa mtoto. Lakini jibu ni hili: bado. Sikilizeni sababu yake.

Fikirini habari za dereva. Mtu akifaulu mtihani wa kuendesha gari, hawezi siku ile ile kuchukua matatu na kubeba abiria. Kubeba watu kunataka ruhusa nyingine. Uhasibu nao una hatua zake, na hapa Kenya hatua hizo ni tatu.

Hatua ya kwanza ni mtihani. Mtihani hutolewa na baraza liitwalo KASNEB, lililoanzishwa mwaka 1969. Baraza hili hupima elimu ya mtu na kumpa cheti cha kufaulu. Kazi yake huishia hapo, halitoi leseni.

Hatua ya pili ni kuandikishwa. Kijana hupeleka maombi yake, pamoja na cheti na ada, kwa chama cha wahasibu kiitwacho ICPAK, kilichoanzishwa mwaka 1978. Akikubaliwa, jina lake huandikwa katika daftari la wahasibu. Hapo ndipo anaporuhusiwa kujiita CPA, yaani mhasibu wa umma aliyeidhinishwa. Mtu aliyefaulu lakini hajaandikishwa hana haki ya kutumia herufi hizo.

Wengi hukaa katika hatua hii ya pili maisha yao yote, na si kosa. Mhasibu aliyeajiriwa na shule au kiwanda hutunza vitabu vya mwajiri wake tu.

Hatua ya tatu ni ya yule atakaye kufungua ofisi yake na kukagua vitabu vya watu wengine. Huyu lazima kwanza apate mazoezi ya kazi chini ya mkaguzi mwenye leseni. Kisha huomba cheti cha kumruhusu kufanya kazi hiyo kwa umma. Na juu ya cheti hicho lazima awe na leseni, nayo ni ya mwaka mmoja. Ukiisha, huomba tena. Hivyo ndivyo isemavyo Sheria ya Wahasibu, Namba 15 ya mwaka 2008. Mwenye kufanya kazi hiyo bila ruhusa amevunja sheria.

Pengine utasema: "Mbona taabu yote hii, na kijana amekwisha faulu?"

Fikiri. Wewe hukuona stakabadhi zote za chama chako. Hukuhesabu magunia ya chakula cha ng'ombe ghalani. Unaamini kwa sababu mkaguzi ametia sahihi. Benki nayo hutazama sahihi hiyo kabla ya kukikopesha chama. Basi sahihi ya mkaguzi ni ushahidi.

Mtihani huonyesha yaliyomo kichwani. Lakini kwenda ghalani kuhesabu mwenyewe, kuiuliza benki badala ya kuamini karatasi ya mweka hazina, na kumwambia mwenyekiti bila woga, "Stakabadhi hii iko wapi?", hayo mtu huyajifunza kazini, kando ya mkubwa wake.

Tena, mkaguzi aliyeandikishwa akidanganya, mnaweza kumshtaki kwa chama chake, na jina lake laweza kufutwa. Asiyeandikishwa hana jina la kufutwa. Akiharibu, hufunga ofisi na kuhamia mji mwingine, nanyi mmebaki na hasara.

Kwa hiyo, siku ya mkutano mkuu, kabla ya kumchagua mkaguzi, ulizeni maneno matatu. Je, jina lake limo katika daftari la ICPAK? Je, ana cheti cha kukagua hesabu za umma? Je, leseni yake ni ya mwaka huu? Soma tarehe kwa macho yako mwenyewe. Usione haya, hiyo ndiyo faida ya kujua kusoma.

Na wewe mzee, mwambie mwanao asikate tamaa. Aandikishwe, kisha atafute kazi katika ofisi ya mkaguzi mwenye leseni. Aandike kila kazi aliyoifanya, na mkubwa wake athibitishe. Siku moja atakagua vitabu vya vyama vingi.

Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tuongeze: na daftari bila mkaguzi wa haki ni karatasi tu.

MANENO YA KUKUMBUKA
Kuandikishwa: jina kutiwa katika daftari la wahasibu.
Mkaguzi: mtu achunguzaye hesabu zilizoandikwa na wengine.
Stakabadhi: karatasi ya kuonyesha fedha zimepokelewa.

MASWALI
1. Ni nani atoaye mtihani, na ni nani aandikishaye wahasibu?
2. Leseni ya mkaguzi hudumu muda gani?
3. Mkaguzi wa chama chako ana leseni ya mwaka huu? Uliza, kisha andika jibu katika daftari lako.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.