Damu ya Mama, Uzito wa Mwana

Kwetu Pwani, mimba changa ni siri ya nyumba. Mja mzito huisitiri chini ya buibui hadi tumbo lenyewe liseme, kwa haya na kwa kuchelea kijicho. Hatuilaumu staha hiyo. Tunachohofia ni kwamba anayemficha jirani huishia kumficha na mkunga, na wahenga walikwishasema: mficha uchi hazai.

Ziara ya kwanza kliniki, ambayo yafaa iwe kabla ya wiki ya 12, huambatana na kipimo cha himoglobini. Hiyo ndiyo sehemu ya damu inayobeba oksijeni, na mtoto tumboni hana njia nyingine ya kuipata ila kwa damu ya mamake. Katika miezi mitatu ya mwanzo na mitatu ya mwisho, kiwango kikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita huhesabiwa kuwa upungufu wa damu. Upungufu mkubwa usiotibiwa huongeza hatari ya kujifungua kabla ya wakati, au kuzaa mtoto wa chini ya kilo 2.5, ambaye huhifadhi joto kwa tabu na hudhoofishwa upesi na maradhi.

Wala tarakimu kubwa si fahari kila mara. Katika mimba iendayo sawa, maji ya damu huongezeka na damu ikawa nyepesi. Isipokuwa hivyo, himoglobini hubaki juu, na huenda ikaandamana na shinikizo la damu. Basi tarakimu na isomwe na mtaalamu.

Damu haijengeki kwa siku mbili. Vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki huhitaji wiki kadhaa kufanya kazi, na ndiyo maana ya kuwahi. Tusivimeze kwa chai, kwani chai huzuia madini hayo. Kunde, mchicha na samaki tuvikamulie ndimu. Tulale ndani ya chandarua pia, kwa kuwa malaria huharibu chembe za damu.

Na Ramadhani ikiingia, mja mzito anayehofia nafsi yake au mwanawe amepewa ruhusa ya kula. Asione haya kuitumia.

Waume na mama wakwe, tuwasindikize kliniki mapema. Siri ya nyumba itabaki siri. Mkunga naye ana amana. Mwenyezi Mungu awajaalie wazazi wetu salama. Amin.