Tarehe 22 Novemba katika Historia ya Muziki

Mwenye kukusanya kumbukumbu za muziki kwa kufuata siku za mwaka hapati taabu afikapo tarehe 22 Novemba. Siku hiyo alizaliwa Wilhelm Friedemann Bach, mwana wa kiume wa kwanza wa Johann Sebastian Bach, mjini Weimar mwaka 1710. Akazaliwa Joaquín Rodrigo mjini Sagunto, Hispania, mwaka 1901. Akazaliwa na Benjamin Britten mjini Lowestoft, Uingereza, mwaka 1913. Arthur Sullivan, aliyesifika kwa michezo yake ya kuimbwa, alifariki siku hiyo mwaka 1900. Na mwaka 1739 wimbo mkubwa wa Handel wa kuitukuza siku hiyo hiyo ulisikiwa mara ya kwanza mjini London.

Orodha ya namna hii hupendeza, lakini yachanganya mambo ya aina mbili. Kuzaliwa na kufa ni sadfa. Rodrigo, aliyepofuka akiwa na umri wa miaka mitatu na ambaye baadaye alitunga Concierto de Aranjuez (1939), hakuichagua siku yake. Wimbo wa Handel, kwa upande wake, si sadfa hata kidogo. Uliimbwa siku hiyo kwa sababu 22 Novemba ni sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, shahidi wa Roma, ambaye Wakristo wa magharibi humhesabu kuwa msimamizi wa wanamuziki. Basi swali lenye manufaa ni hili: Sesilia aliupataje usimamizi huo?

Jibu lake ni la kilugha zaidi kuliko la kimuziki. Masimulizi ya Kilatini ya kifo chake, yaliyoandikwa yapata karne ya tano, yaeleza kwamba siku ya arusi yake, ala zilipokuwa zikipigwa, yeye alimwimbia Mungu moyoni mwake. Yaani, aliupa kisogo muziki wa arusi. Masimulizi hayo yalipofupishwa kuwa antifona ya sala za kanisa, maneno yenye maana ya “moyoni mwake” yaliachwa. Tena neno organa, ambalo zamani lilikuwa jina la vyombo kwa jumla, zikiwamo ala za muziki, lilikuwa limekwisha kubana maana yake hata likawa jina la kinanda cha kanisani. Wasomaji wa zama za baadaye wakaelewa kwamba Sesilia aliimba kwa kufuatana na kinanda, au hata kwamba alikipiga mwenyewe. Wachoraji nao wakamtia kinanda mikononi. Raphael, katika picha yake iliyoko Bologna, yu karibu zaidi na maana ya asili: kinanda champonyoka Sesilia, ala nyingine zimelala chini zimevunjika, naye ameinua macho kuwasikiliza malaika.

Wajuzi wa Kiswahili hawatastaajabia safari ya neno hilo, kwani neno kinanda lenyewe limekwenda kwa njia ya pili. Katika ushairi wa kale wa pwani, kinanda ni ala ya nyuzi, yenye ukoo na gambusi. Baadaye neno likapanuka, likachukua ala ya kanisani na piano pia. Asomaye shairi la zamani huku akiwaza piano atakosea kwa namna ile ile waliyokosea wasomaji wa antifona.

Hata hivyo kosa hilo lilizaa matunda mema. Katika miaka ya 1570 mashindano ya watungaji wa muziki yalianzishwa mjini Évreux, Ufaransa, kwa heshima ya Sesilia. Mwaka 1585 Papa Sixtus V aliidhinisha chama cha wanamuziki wa Roma ambacho leo ni Accademia Nazionale di Santa Cecilia. London nayo ilianza sherehe zake mwaka 1683 kwa wimbo wa Henry Purcell, aliyetunga mwingine mkubwa zaidi mwaka 1692. Shairi la John Dryden lilitiwa muziki kwanza na Draghi mwaka 1687. Ndilo lile lile alilolishika Handel mwaka 1739. Purcell mwenyewe alifariki tarehe 21 Novemba 1695, mkesha wa sikukuu aliyoitukuza.

Jambo moja zaidi lataka hadhari. Uingereza iliifuata kalenda ya Julian hata mwaka 1752. Kwa hiyo 22 Novemba 1739 ya London ilikuwa 3 Desemba huko Roma. Waliosherehekea katika miji hiyo miwili waliungana katika jina la siku, si katika siku yenyewe.

Kwa Britten, sadfa iligeuzwa kuwa kusudi. Alilitia muziki shairi la W. H. Auden la kumsifu Sesilia, na kazi hiyo ilitangazwa redioni mara ya kwanza tarehe 22 Novemba 1942, siku mtungaji alipotimiza miaka 29. Sahani mbili za santuri za Beatles zilizotolewa Uingereza tarehe hiyo, mwaka 1963 na mwaka 1968, zarudi katika fungu la sadfa.

Basi anayepanga kumbukumbu kwa tarehe yampasa ayatenge mafungu hayo mawili. Fungu la kwanza laonyesha tu kwamba siku za mwaka ni chache na watu ni wengi. Fungu la pili laonyesha jinsi maneno machache yaliyoachwa katika antifona, na neno moja lililobadilika maana, yalivyowapa wanamuziki sikukuu yao.