Dilala: Kitabu cha kwanza cha mtoto kimchekeshe kwa lugha yake

Kolwezi – Katika komine ya Dilala, watoto wengi wadogo wanacheza, wanalia na kucheka kwa Kiswahili. Lakini mzazi akinunua kitabu cha picha, mara nyingi anachagua cha Kifaransa. Anakisoma, mtoto anatazama pembeni. Hapo mtoto anajifunza kwamba kusoma ni adhabu.

Namna ya kuchagua ni rahisi. Funika maneno kwa mkono, umuonyeshe mtoto picha. Akianza mwenyewe kueleza kinachotokea, kitabu hicho ni chake. Tafuta sentensi fupi, na maneno yanayorudi-rudi ili ayatamke pamoja nawe. Kichekesho kisimdharau mlemavu wala maskini. Mwisho utulize moyo: aliyepotea apatikane, waliogombana wale pamoja.

Na kama pesa hakuna? African Storybook, mradi ulioanzishwa Afrika Kusini mwaka 2014, unatoa bure hadithi za picha, nyingine kwa Kiswahili. Unaweza kuzisoma kwenye simu au kuzichapisha. Ukikuta neno lisilosemwa kwetu, libadilishe. Sungura mwite Kalulu, kama nkambo alivyomwita.

Katiba ya 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha 4 za taifa. Kumsomea mtoto kwa lugha hiyo si aibu, na Kifaransa atakikuta shuleni. Dakika 10 kila jioni zinatosha. Akisema «rudia tena», ujue umechagua vizuri.