Fahamu: Kuihamisha Sauti ya SACD Hadi Kwenye Kompyuta

Ama santuri iitwayo SACD, iliyotolewa mwaka 1999 na kampuni za Sony na Philips, sauti yake hupimwa mara 2,822,400 kwa sekunde, kila kipimo kikiwa cha biti 1, ilhali CD ya kawaida hupimwa mara 44,100 kwa biti 16. Na kwa kuwa tabaka lake lenye sauti hiyo aali limefungwa kwa siri, kompyuta ya nyumbani haisomi ila tabaka la CD, iwapo lipo.

Njia iliyopatikana ni kupitia mashine za PlayStation 3 za awali, na baadaye baadhi ya vicheza Blu-ray, ambavyo mwenye navyo huviunganisha na kompyuta kwa waya wa mtandao, kisha akaendesha programu ya sacd_extract, nayo ikatoa faili moja kubwa la ISO, au mafaili ya DSF, moja kwa kila wimbo. Hifadhi ISO kwanza, nasisitiza, kwani ndiyo nakala kamili, na DSF hutolewa humo wakati wowote.

Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 yakataza kuvunja kufuli za namna hii. Nami naona ni dhuluma kwa mnunuzi halali, maana vyombo vya kuzisomea santuri hizo vinazidi kuadimika.