Kama Tom Mboya Angefika 1978

Jumamosi mchana, tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya alipigwa risasi akitoka duka la dawa katikati ya Nairobi, kwenye barabara ambayo leo ni Moi Avenue. Alikuwa na miaka 38, Waziri wa Mipango ya Uchumi na Katibu Mkuu wa chama tawala, KANU. Wengi, Kenya na ng'ambo, walimhesabu kuwa mrithi wa Mzee Jomo Kenyatta.

Tuseme risasi zile zingemkosa.

Kwanza ingebadilika Kisumu. Uchungu wa Waluo kwa kifo cha mwenzao ulifurika Oktoba 1969, Kenyatta alipokwenda kufungua hospitali. Umati ulizomea, askari wakafyatua risasi, watu wakafa. Chama cha upinzani, KPU, kikapigwa marufuku na kiongozi wake, Jaramogi Oginga Odinga, akatiwa kizuizini. Bila msiba wa Julai, huenda KPU ingeshiriki uchaguzi wa Desemba, na Kenya ingeingia miaka ya 1970 ikiwa na upinzani bungeni. Hasara hii hutajwa kwa nadra, nayo ni kubwa sana.

Hata hivyo Mboya asingepita mteremko. Kule Nyanza mwenye watu alikuwa Odinga, na Mboya mwenyewe alisaidia kupanga mkutano wa Limuru wa 1966 uliomng'oa Jaramogi kwenye umakamu wa KANU. Ngome yake ilikuwa mjini, kwenye vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1961, yeye Mluo wa asili ya Rusinga aliyezaliwa karibu na Thika, alimbwaga Dk. Munyua Waiyaki kwa kishindo Nairobi Mashariki, mahali palipokuwa na wapiga kura wengi Wakikuyu. Waliokuwa karibu na Kenyatta walikuwa na kila sababu ya kumwogopa mtu wa namna hiyo.

Kisha kulikuwa na katiba. Marekebisho ya 1968 yalisema rais akifariki, makamu wake atakaimu kwa siku 90, kisha uchaguzi ufanyike. Makamu tangu 1967 alikuwa Daniel arap Moi. Kenyatta alipofariki tarehe 22 Agosti 1978, Moi alikaimu, na KANU ikampitisha bila mpinzani.

Lakini tangu 1966 hadi 1978 KANU haikuwachagua upya viongozi wake wa kitaifa. Baada ya Mboya kuuawa, ukatibu mkuu ulishikwa kwa kukaimu na Robert Matano, miaka nenda miaka rudi. Mboya, kama asingeondolewa kwa hila nyingine, angekuwa bado kwenye kiti hicho akiwa na miaka 48, katika chama alichokijenga tangu 1960. Moi angelazimika kupambana naye au kupatana naye, na la pili ndilo linaloelekea zaidi: Moi rais, Mboya makamu.

Ilivyokuwa kweli, mwaka 1978 umakamu wa rais ulikwenda kwa Mwai Kibaki, aliyewahi kuwa ofisa mtendaji wa KANU chini ya Mboya. Kibaki alifika Ikulu mwishoni mwa 2002.