Koleji na Upweke wa Mtafiti

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza ana ratiba ya mihadhara, ana darasa zima la wenzake, na ana mtihani unaomsukuma. Wa uzamivu, hasa wa historia, falsafa au fasihi, huamka asubuhi na hakuna anayemngoja popote. Msimamizi wake humwona mara chache, na tasnifu itamchukua miaka. Wa maabara ana nafuu kidogo, maana kule kuna wenzake na majaribio yasiyoweza kuachwa hadi kesho. Kwa sababu hiyo makazi ya watafiti ni jambo zito kuliko hesabu ya vitanda, na Oxford, huko Uingereza, imelishughulikia kwa namna inayofaa kuelezwa.

Pale kazi zimegawanywa kati ya idara, chuo kikuu chenyewe na koleji zilizo ndani yake. Idara humpangia mwanafunzi msimamizi, na chuo kikuu hutoa shahada. Koleji haiongozi utafiti wake. Kazi yake ni kumpa bwalo la chakula, maktaba, ukumbi wa kupumzikia, mara nyingi chumba walau kwa mwaka wa kwanza, na mshauri ambaye si msimamizi wake. Wengi humchukulia mshauri huyu kama pambo. Mimi namwona ni nguzo. Mwanafunzi aliyekosana na msimamizi atamlalamikia nani, ikiwa idara nzima wanafanya kazi pamoja na huyohuyo anayemlalamikia? Anahitaji mlango mwingine wa kubisha, na awe na hakika kwamba aliye ndani hana hisa katika ugomvi huo.

Koleji kongwe zilizoea kuzunguka maisha ya vijana wa shahada ya kwanza. Nuffield, iliyoanzishwa mwaka 1937 kwa fedha za mtengenezaji magari William Morris, ilikuja na sura nyingine: wanafunzi wake wote ni wa shahada za juu, na fani yake ni sayansi ya jamii. Ndiko alikosomea Ali Mazrui, mwana wa Mombasa, aliyepata uzamivu wake mwaka 1966. St Antony's, ya mwaka 1950, ilitokana na mali ya Antonin Besse, mfanyabiashara Mfaransa aliyetajirika Aden.

Miaka ya 1960 msukumo ulikuwa tofauti. Watafiti walikuwa wanaongezeka, na wahadhiri wengi walioajiriwa na chuo kikuu hawakuwa na nafasi katika koleji yoyote. Walifundisha Oxford, lakini hawakuwa na meza ya kulia na wenzao. Linacre ilianzishwa mwaka 1962 na St Cross mwaka 1965, kisha ikaja Wolfson, ambayo rais wake wa kwanza alikuwa mwanafalsafa Isaiah Berlin.

Wolfson inastahili kuangaliwa kwa karibu. Katika koleji nyingi za Oxford, walimu hula kwenye meza yao wenyewe, mara nyingi juu ya jukwaa, na wanafunzi hula chini. Berlin na wenzake waliikataa meza hiyo. Bwaloni profesa hukaa penye kiti kitupu, hata kama jirani yake ni mwanafunzi aliyefika juzi. Ukumbi wa mapumziko nao ni mmoja kwa wote. Majengo yake kando ya mto Cherwell, yaliyofunguliwa rasmi mwaka 1974, yana makazi ya wenye familia, na pana pia kituo cha kulelea watoto. Waliopanga hivyo walielewa kwamba mtafiti mara nyingi ni mtu mzima mwenye mke au mume na watoto, na kwamba akili haitulii kwenye kitabu ikiwa mtoto hana pa kushinda.

Meza ya pamoja kama ya Wolfson inamfaa mtafiti kwa jambo ambalo idara haiwezi kumpa. Idarani kila mtu anajua istilahi zake. Bwaloni inambidi aieleze tasnifu yake kwa mtu wa fizikia au sheria, na maswali ya mtu asiyejua ndiyo humfichulia pale ambapo hoja yake haijashikamana.

Hata hivyo koleji hazilingani. Zenye utajiri husaidia zaidi nauli za utafiti na kodi ya chumba, na kodi za nyumba Oxford ni kali. Anayeomba nafasi anaweza kutaja koleji anayoitaka; asipotaja, atapangiwa. Namsihi mwenye familia asiache mambo yajipange yenyewe. Aulize mapema koleji ipi ina nyumba za familia, ni ngapi, na foleni yake ikoje, kabla hajatuma maombi.