Mkato wa Chuma Ndani ya Picha

Mkato wa chuma uliotengenezwa kwenye kompyuta huaminika pale jicho linapoona mambo matatu kwa pamoja: kwamba bati limetoboka hadi upande wa pili, kwamba lina unene, na kwamba kuna chombo kilichopita hapo kikaacha alama zake. Programu za kuhariri picha zina nyenzo za kutosha kwa yote matatu. Photoshop, iliyoingia sokoni mwaka 1990, inazo; GIMP, ambayo hutolewa bure, inazo pia. Kinachokosekana mara nyingi ni uamuzi wa anayezitumia: bati ni la geji ngapi, limekatwa na nini, na jua lilikuwa upande gani picha ilipopigwa. Asiyejibu maswali hayo mapema hurundika madoido juu ya madoido, na chuma chake hutoka kikimetameta kama plastiki.

Katika mji mdogo kama Usoke, wilayani Urambo, kwenye reli inayotoka Tabora kwenda Kigoma, ujuzi huu una kazi iliyo wazi. Anayejenga nyumba hupenda kuona geti lake kabla fundi hajagusa bati. Mwenye duka hupenda kuona kibao chenye jina lililotobolewa kabla hajatoa malipo ya awali. Picha ya namna hiyo hutengenezwa kwa kupiga picha ya bati tupu au geti lisilo na nakshi, kisha kulikata kwenye kioo cha kompyuta. Kibao cha neno USOKE na geti la nakshi vinatosha kuwa mifano, maana matatizo karibu yote ya kazi hii yamo humo.

Hatua ya kwanza ni kuacha picha ya asili bila kuguswa. Nakala yake huwekwa kwenye leya, yaani tabaka la picha, ya juu, na tundu hukatwa kwa maski, si kwa kifutio. Maski huficha sehemu ya leya bila kuiharibu, kwa hiyo herufi ikikosewa hurekebishwa bila kuanza upya. Chini ya leya ya bati huwekwa leya nyingine ya kile kinachoonekana kupitia tundu. Hapo wengi hujaza rangi nyeusi, na picha hufa papo hapo. Nyuma ya geti mchana hakuna giza. Kuna ua, ukuta wa matofali, mwembe, pikipiki iliyoegeshwa. Njia nzuri ni kupiga picha ya pili geti likiwa wazi, kutoka mahali palepale, na kuiweka chini ikiwa na ukungu kidogo. Weusi hufaa tu pale ambapo nyuma ya bati kuna chumba kisicho na taa.

Kabla ya kukata, herufi zenyewe zikaguliwe. Katika neno USOKE, herufi O ina kipande cha katikati kisichoshikwa na chochote. Kompyuta haioni tatizo: kipande hicho huelea palepale kilipochorwa. Chuma kikikatwa hivyo, kipande huanguka chini, na O hubaki shimo la duara. Ndiyo maana herufi za kutobolewa huachiwa vidaraja vyembamba, viwili kwa kawaida, juu na chini au kushoto na kulia. USOKE ina bahati ya kuwa na herufi moja tu ya aina hiyo. URAMBO ina nne kati ya sita, na TABORA ina tano kati ya sita. Picha inayoonyesha neno TABORA limetobolewa bila kidaraja hata kimoja humwambia fundi yeyote, kwa mtazamo wa mara moja, kwamba aliyeichora hajawahi kusimama karibu na bati likikatwa.

Unene ndio sehemu inayoharibiwa zaidi, na dawa yake ni hesabu ndogo. Tuseme geti la upana wa mita 3 limejaza picha yenye upana wa piseli 3,000. Hapo piseli moja ni milimita moja. Bati la geji 16 lina unene wa karibu milimita 1.5, yaani piseli moja na nusu. Doido la kuinua kingo likipewa piseli 10, bati hilo limegeuzwa kuwa pleti ya sentimita moja, mzigo ambao bawaba za geti la nyumbani zingeulalamikia siku ya kwanza. Kwa kibao kidogo hesabu hubadilika. Kibao cha sentimita 60 katika picha ya upana huohuo kina piseli tano kwa kila milimita, na ukingo wake unastahili piseli saba au nane. Kipimo hiki kifanywe kila mara, kwa kulinganisha na kitu ambacho ukubwa wake unajulikana ndani ya picha, kama vile kitasa au tofali.

Doido hilohilo lina kosa la pili, ambalo ni gumu zaidi kuligundua. Programu huchora ukingo kuzunguka tundu zima, pande zote sawa. Jicho haliuoni hivyo. Anayesimama mbele ya geti huona ukuta wa kulia wa tundu lililo kuliani kwake, na ukuta wa kushoto wa lililo kushotoni. Tundu lililo juu ya macho yake humwonyesha ukingo wake wa juu, na lililo chini humwonyesha ukingo wa chini. Lililo sawasawa mbele yake halimwonyeshi ukingo wowote. Ili kuiga hali hiyo, umbo la matundu yote hunakiliwa, na nakala hupunguzwa ukubwa kidogo sana kuelekea pale kamera ilipolenga. Umbo la asili ni uso wa bati. Nakala ni mgongo wake. Sehemu iliyomo ndani ya umbo la asili lakini nje ya nakala ndiyo unene unaoonekana. Kiasi cha kupunguza hupatikana kwa kugawanya unene kwa umbali wa kamera: pleti ya milimita 6 ikipigwa picha kutoka mita 3, ni sehemu 2 kwa 1,000. Ni kiasi kidogo, lakini kwenye pembe za picha kubwa hufika piseli tatu, na jicho huzisoma.

Ukingo ukishapatikana, jua ndilo linaloupaka rangi. Usoke iko nyuzi 5 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mapema mwezi Machi na mapema Oktoba. Saa za Tanzania hufuata mstari ulio mashariki zaidi, na huku magharibi jua hufika juu kabisa karibu saa saba mchana. Picha ya wakati huo ina ukingo wa chini wa tundu uking'aa kwa sababu unatazama juu, na ukingo wa juu ukiwa na giza. Mwezi Juni jua la mchana huwa upande wa kaskazini, na geti linalotazama kusini halipati mwanga wake wa moja kwa moja. Hapo tofauti kati ya kingo hupungua, na kinachobaki ni mwanga wa anga kutoka juu na mwanga unaorudi kutoka ardhini, wenye rangi ya udongo uliopo mbele ya geti. Kuongeza wekundu hafifu kwenye ukingo wa juu, unaotazama ardhi, ni kazi ya dakika moja, na hulikalisha tundu mahali pake kuliko doido lolote la kulipia.

Kivuli cha nyuma nacho kina masharti. Programu hutoa kivuli kinachoanguka kana kwamba kuna ukuta umegusana na bati. Kwa kibao kilichofungwa ukutani hilo ni sahihi, mradi umbali upimwe: kibao kikiwa sentimita 5 kutoka ukutani na jua likikipiga kwa pembe ya nyuzi 45, kivuli husogea sentimita 5. Geti halina ukuta mgongoni. Kivuli chake huanguka ardhini, uani asubuhi ikiwa geti linatazama mashariki, na barabarani jioni, nakshi nzima ikiwa imenyooka na kulala kwenye vumbi. Mchoraji anayekumbuka kuichora nakshi hiyo ardhini amefanya nusu ya kazi ya kushawishi.

Baada ya hapo huja alama za chombo, na hapa ndipo uzoefu wa karakana unapolipa. Grenda hukata kwa diski ya duara, kwa hiyo mistari yake ni minyoofu. Tena haiwezi kuishia kwenye kona ya ndani bila kupitiliza: ili mgongo wa bati ukatike hadi konani, uso wake lazima uchanwe milimita chache zaidi. Michirizi hiyo midogo inayopishana konani ni ushahidi wa grenda, na ikichorwa kwa mistari ya piseli moja au mbili yenye ncha zinazofifia, mtazamaji huamini hata asipojua sababu. Maua na herufi za mviringo zenye kingo laini hazitoki kwenye grenda. Zikionekana, chombo kilikuwa kingine.

Gesi huacha sura tofauti. Mwali wa asetilini na oksijeni huzidi nyuzi joto 3,000, lakini kinachokata hasa ni mkondo wa oksijeni unaounguza chuma kilichokwisha kuwa chekundu. Ukingo wake una mistari myembamba iliyosimama, ikipinda kidogo kuelekea chini, na upande wa mgongo huning'inia matone ya mavi ya chuma. Bati jembamba hujikunja kwa joto hilo, kwa hiyo mkato wa gesi huwekwa kwenye pleti nene au kipande cha reli. Alumini haikatwi hivyo kabisa, na picha inayoonyesha alumini yenye mistari ya gesi ni ya uongo. Mashine ya plazma hukata bati jembamba kwa mistari laini. Kingo zake za juu huwa zimelegea kidogo, na mahali ilipoanzia huacha tundu, ambalo fundi makini huliweka kwenye kipande kitakachotupwa.

Tindo na nyundo ndivyo vya kale zaidi, kama uhunzi wenyewe. Majembe ya chuma ya Usumbwa na Uzinza yaliuzwa Unyamwezi kote muda mrefu kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, na wahunzi wanaogeuza mapipa kuwa majiko bado hukata kwa tindo hadi leo. Mkato wake huenda kwa hatua fupi fupi, kila pigo likiacha kijipembe, na ukingo huinama kuelekea upande tindo lilikokwenda. Kwa picha ya jiko au ndoo ya bati, huu ndio mkato unaofaa.

Joto hupaka chuma kisicho na rangi utepe mwembamba: manjano ya majani makavu karibu nyuzi 220, kahawia 260, zambarau 280, buluu 300. Buluu hukaa karibu na mkato na manjano mbali nao, na mpangilio huo haugeuzwi. Utepe huo huwekwa kwenye leya yake, ukipunguzwa nguvu hadi uonekane kwa shida. Geti lililopakwa redi oksaidi baada ya kukatwa halina utepe wowote. Tena bati la kawaida lisilopakwa ni la kijivu cha giza, si rangi ya fedha. Fedha huonekana pale tu diski ilipopita.

Cheche, zikihitajika, huchorwa kwenye leya nyeusi iliyowekwa katika hali ya Screen, ili weusi upotee na mwanga ubaki. Hutoka kwa kufuata mzunguko wa diski, nyeupe mwanzoni na nyekundu mwishoni, na zile zinazoenda mbali hupinda kuelekea ardhini. Alumini haitoi cheche.

Mwisho kabisa, chembechembe za picha ya simu zirudishwe juu ya kila kilichoongezwa, na kingo zilegezwe kwa nusu piseli, kwa sababu hakuna kamera inayochora mstari mkali kama wa kompyuta. Kisha picha inayokwenda kwa mteja iandikwe pembeni geji ya bati na chombo cha kukatia, ili fundi akubali au akatae kabla fedha haijatolewa.